Komanda Chuma na Chupa ya Mawese

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ile ya vita, hapa hapa Kindu, na mimi nilikuwa msichana mwenye maneno mengi na kazi chache. Nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo, mara Koko wangu, yaani bibi mzaa baba, akaingia, akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa katika ukoo wetu:

"Mwajuma, huu mudomo wako, leo nataka utufanyie kazi."

Usicheke. Nyumbani kwetu mdomo wangu ulihesabiwa pamoja na misiba. Nilikuwa naweza kusimulia safari ya kwenda kisimani mpaka maji yakakauka ndooni. Koko mwenyewe alizoea kunifukuza kwa mwiko. Kama siku hiyo alinifuata kwa upole, ujue alikuwa ameishiwa na dawa nyingine zote.

Mgonjwa alikuwa kaka yangu mkubwa, Sumaili, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu. Kabla ya treni kusimama alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa vicheko na kupiga kifua. Mke wake, Feza, alikuwa amekwenda kujifungua kwa mama yake, ng'ambo ya mto Lualaba, kule Alunguli. Yaya akapanda mtumbwi kumfuata, pamoja na rafiki yake wa kazini. Katikati ya mto bunduki zikalia. Watu wakaangukiana upande mmoja, mtumbwi ukapinduka. Yaya aliogelea akarudi upande wetu. Rafiki yake hakutoka majini.

Tangu siku hiyo kaka yangu alikaa chumbani akitazama ukuta. Hakusema neno. Chakula alikula ukimwekea mbele yake, na ukikisahau, naye alisahau. Mtu akimwaga maji ya vyombo uani, yeye ndani alitetemeka mwili mzima. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini kusikia methali ni kitu kimoja, na kumwona ndugu yako akishtuka ni kingine. Nilikuwa namwonea huruma mpaka nikakosa usingizi.

Baadaye bunduki zikatulia, watu wakaanza kuvuka tena, na habari ikatufikia: Feza amejifungua mtoto wa kiume, mzima kabisa, ila hana jina kwa sababu baba hajaja. Mama mkwe akaongeza maneno yake. Wao wanaondoka karibuni kwenda Pangi, kwa ndugu zao wenye mashamba. Kama baba atakuja, vizuri. Kama hatakuja, Feza na mtoto watakwenda nao, na mtoto atapewa jina la mjomba wake. Mjomba huyo, Mungu amsamehe, alijulikana ng'ambo zote mbili za mto kwa wizi wa bata. Lakini sisi hatukuhofia jina tu. Wakishafika Pangi, kwa njia za wakati ule, nani angewarudisha? Yaya alikuwa anapoteza mke na mtoto huku amekaa kitandani.

Akili ni nywele, na kila jirani alikuja na nywele zake. Mmoja alisema, "Kaza roho, weye njo mwanaume," akarudia kwa sauti kubwa kama anasema na kiziwi. Mwingine alishauri tumpigie sufuria masikioni kila asubuhi ili azoee kelele. Tulijaribu mara moja. Yaya akaingia chini ya kitanda, na ilituchukua mpaka alasiri kumtoa.

Ndipo Koko akanijia na habari ya mdomo. Alitaka nimpe Yaya hadithi za mashujaa, zile za watu wa ajabu wanaoshinda mazimwi, maana alipokuwa mtoto alizipenda mno. Kulikuwa na tatizo moja. Hadithi husimuliwa usiku. Anayesimulia mchana huota mkia, hata mtoto mdogo anajua. Na usiku wa wakati ule watu walizima taa wakanyamaza. Koko akafikiri, akafunga mlango, akatundika mkeka dirishani, akasema, "Sasa ni usiku. Anza." Nikaanza, huku nikijipapasa nyuma mara kwa mara.

Nikamtunga Komanda Chuma. Ee mwanangu, alikuwa shujaa! Mwili wake wote chuma. Halali, hali, halii. Risasi zikimpiga kifuani zinarudi kwa wenyewe zikiomba radhi. Adui akisikia jina lake anaacha viatu. Niliruka huku na huku mle chumbani, nikavunja kibuyu kimoja kwa kuonyesha ngumi yake. Nilipomaliza, Yaya alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Nikafikiri amepata amani, nikatoka najisifu.

Koko akanifuata mpaka jikoni.

"Ule Komanda wako," akasema, "anaendaka ku choo?"

"Hapana, Koko. Yeye ni wa chuma."

"Hakulake, halalake, haliake. Sasa mugonjwa wetu anakula, analala, analia. Umemuletea rafiki ao umemuletea mutu wa kumuonea haya?"

Nikashika mwiko nikakoroga sufuria isiyo na kitu.

"Tena, chuma gani inakaa Kindu bila kutu?" akaendelea. "Mvua iko kila siku. Ata reli imeoza. Komanda wako, nani anamupakaaka mafuta?"

Nilikasirika, nisikufiche. Unatunga shujaa mkubwa, halafu mtu anakuuliza habari za kutu! Lakini mkubwa akisema jambo, hata likikuchoma, lichukue ukalale nalo. Nikalala nalo. Kesho yake nikarudi chumbani na Komanda aliyefanyiwa matengenezo.

Komanda huyu mpya alikuwa wa chuma vilevile, lakini kila asubuhi lazima akae kwenye kigoda apakwe mawese. Wasipompaka, magoti yanalia kwii, kwii, na adui anamsikia toka mbali. Anaogopa mvua. Anaogopa mto. Anaogopa hata mbuzi asije akamkojolea mguuni. Akialikwa msibani, anauliza kwanza kama watu watalia sana. Na siku mfalme alipomwambia avuke Lualaba akapigane na zimwi, Komanda Chuma alishika tumbo akasema limemsokota tangu jana.

Nikaona shuka inatikisika. Nikadhani nimemliza. Halafu sauti ikatoka chini ya shuka, kavu, yenye mikwaruzo.

"Na mugongo?"

"Mugongo gani, Yaya?"

"Mutu hawezi kujipakaa mafuta ku mugongo. Nani anamupakaaka?"

Alikuwa anacheka! Koko akainuka haraka akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Kuanzia hapo hadithi ikawa ya watu wawili, na taratibu nikanyang'anywa. Yaya alimwongezea Komanda visa, akanikosoa nilipokosea, akanikataza kumpa farasi. Siku moja akasema Komanda alikuwa na rafiki. Mimi sikumtunga huyo rafiki. Nikataka kuweka mzaha, Koko akanifinya paja. Yaya akaeleza polepole jinsi Komanda na rafiki yake walivyotumbukia majini, na jinsi Komanda alivyomshika mkono.

"Mukono ulinichomoka," akasema. Halafu akajisahihisha: "Ulimuchomoka Komanda."

Akalia, mwanangu, kilio cha mtu mzima. Nami nililia. Hatukumwambia akaze roho. Koko alikaa kando yake akampa maji ya kunywa, na pale ndipo nilipoelewa mdomo wangu ulitumwa kutafuta nini.

Siku ya kuvuka ikafika; kesho yake wakwe wangeondoka, na Yaya alikuwa amesema atakwenda. Yaya alivaa shati lake jeupe, la pekee, maana mtu haendi kwa wakwe kama anakwenda shambani. Mimi nilibeba chupa kubwa ya mawese, zawadi ya mama mkwe. Tulifika bandarini vizuri, tukitaniana. Lakini alipouona mtumbwi, miguu ikakataa. Akasimama pale mchangani jasho linamtoka. Abiria wameketi, mpiga kasia anaita, wanawake wenye vikapu wameanza kunong'ona. Nilijua tukigeuka siku ile, hatutarudi tena pale. Jioni ile Feza angefunga mizigo.

Yaya akanigeukia. Mbele ya watu wote akasema, "Mwajuma, nipakaa."

Nikadhani anatania. Kumbe hatanii. Akafungua vifungo vya shingoni, akainama. Nikazibua chupa, nikamimina mawese kiganjani, nikaingiza mkono nikampaka mgongo. Alikuwa akitetemeka chini ya kiganja changu. Watu walicheka, wacha nikwambie! Isipokuwa mama mmoja mzee aliyetua kikapu chake, asiyejua lolote kuhusu habari zetu, akaja kuangalia kazi.

"Pakaa vizuri," akaniambia. "Ata chini ya bega."

Mpiga kasia akachoka. "Eh! Munamusafirisha ao munamukaanga?"

Yaya akaangua kicheko, na katika kicheko hicho hicho akaingia mtumbwini. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Mkono wangu haukutoka mgongoni kwake mpaka ng'ambo. Katikati ya mto, pale penyewe, nilimsikia anasema kwa sauti, "Komanda, usitazame maji. Tazama kitambaa cha ule mama." Mama aliyeketi mbele yetu, kitambaa kichwani, akakaa wima Yaya asikipoteze machoni.

Sasa, katika haraka zetu, hatukufikiri mawese, yaliyochuruzika mpaka kifuani na mikononi, yanalifanyia nini shati jeupe. Mama mkwe alituona tukipanda njia. Aliona mkwe wake anakuja na shati jekundu toka shingoni mpaka kiunoni, akatupa mchi. "Damu! Wamemuua mukwe wangu! Anatembea lakini wamemuua!" Barabara nzima ikatoka ikilia. Mjomba naye akatoka mbio, na bata kwapani, ambaye kwa mshtuko ule hakuna aliyemuulizia. Feza peke yake ndiye aliyemkaribia mumewe. Akamgusa begani, akanusa kidole, akaonja.

"Mama," akasema, "hii njo mawese."

Kilio kikakatika. Mama mkwe akanigeukia mimi na chupa yangu iliyobaki nusu. "Mawese yote hii, ku shimizi?" akauliza, kidole kwenye shati. Nikakemewa mpaka leo masikio yananiuma. Lakini Yaya alikuwa ameshampokea mtoto, na kwa vile mikono yake iliteleza, Feza aliweka yake chini ya ile ya mumewe, wakambeba wote wawili. Safari ya Pangi haikusemwa tena. Mtoto akapewa jina la baba yetu, jina zuri la heshima, ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Alunguli yote inamwita Mafuta. Sasa ni mtu mzima mwenye kipara, na bado ni Mafuta.

Sitaki kukudanganya kwamba hadithi ilimaliza ugonjwa. Miaka iliyofuata Yaya alikwenda kwa muuguzi aliyefundishwa mambo ya majonzi, akazungumza naye mara nyingi, na huko ndiko alikopata usingizi wake. Hadithi ilimfungua kinywa tu, ili akifika kwa muuguzi awe na la kusema. Hata leo, mzee mzima, mlio mkubwa ukimshtua, humwita Feza, naye huja kumwekea mkono mgongoni. Hawatumii mafuta. Yamepanda bei.

Basi, mwanangu, nakuona na simu yako, unatazama watu wanaoruka angani na kusimamisha magari kwa kidole. Watazame. Mimi pia huwatazama na wajukuu, na hupiga makofi. Ila uwaulize swali la Koko: huyu, nani anampaka mafuta? Shujaa asiyehitaji mtu atakufanya ujione takataka siku utakapoogopa, na siku hiyo itafika, kwa sababu wewe una nyama na damu. Wala usisahau kwamba hadithi ni dawa ya moyo, si ya ngozi. Vijana wengine wa wakati ule waliaminishwa kwamba wamekuwa chuma kweli, wakaziendea risasi, na mama zao bado wanalia.

Ukiwa na hofu isiyotamkika, mpe shujaa wako aitamke kwanza, kisha umfuate nyuma. Mficha uchi hazai. Na ukimwona mwenzako ametazama ukuta, usimpigie sufuria, usimletee habari za wasioogopa. Kaa karibu, mchekeshe kama unaweza, na akianza kusema, funga mdomo. Mimi niliyezaliwa na mdomo huu ndiye ninayekuambia.

Mungu akupe nguvu zikutoshe wewe na jirani yako. Akuvushe kila mto uliokutisha, ukawakute wako wakikungoja. Na pale mkono wako usipofika, asikukoseshe mkono wa mwenzako. Amina.