Asubuhi Tuliyofundishwa Kupumua

Juzi binti yangu aliniwekea sauti kwenye telefone. Mwanamke wa sauti nyororo ananiambia nilale chini, nifumbe macho, nivute pumzi ndefu, niache mwili uwe mzito. Ati ni somo la kwanza la kutuliza akili, la watu wanaoanza. Ndugu yangu, sikumaliza hata dakika mbili. Niliinuka nikatoka nje kwenye upepo. Binti akacheka: "Mama, ni kupumua tu!" Kupumua tu! Ngoja nikueleze.

Mwaka ule volkano ilipomeza nyumba yetu ya Goma, waasi wakiwa ndio wenye mji, mimi na mdogo wangu tulipelekwa kwa koko, mama ya papa yetu, upande wa ziwa la Lac Vert. Nilipapenda, sikufichi. Visamaki vya sambaza vya kukaanga, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, michi ikitwanga asubuhi, na mbuzi wawili wa kuchunga. Ila kabla mbuzi hawajashuka bondeni, koko aliwasha majani makavu ya mgomba na kuyateremsha kwa kijiti kirefu. Moto ukizimika wenyewe, hakuna kushuka. "Mazuku iko," alisema. Ni hewa mbaya ya ardhi yetu: haina rangi, haina harufu, inalala mahali pa chini na inaua. Tuliwahi kukuta mbwa humo, ulimi nje, na nzi waliomfuata wamekufa juu yake. Pfuu! Mpaka leo namwona.

Basi akaja animatere, kijana wa mji mwenye soksi nyeupe na daftari, kufundisha watoto tuliokimbia volkano kutulia. Alibeba biskuti. Akatafuta mahali pasipo kelele, na akachagua wapi? Bonde lile lile, upepo wa kufukuza mazuku ukiwa haujaanza. Koko alikuwa mbali anapalilia maharagi. Tulikuwa watoto saba na wote tulijua. Hakuna aliyefungua kinywa. Kwetu mutoto hamwambii mwalimu kwamba amekosea, na biskuti zilikuwa bado mfukoni mwake.

Sisi wakubwa tulijilaza juu, ukingoni. Mdogo wangu, miaka mitano, alitaka aonekane hodari. Akashuka mpaka chini kabisa.

"Vuta... achilia..." Animatere amesimama juu yetu, pua yake kwenye hewa safi. Kichwa kikaanza kunigonga. Kisha akasema, kwa sauti tamu kama sirapu ya kikohozi: "Mutazame huyu mudogo. Ametulia kuliko wote."

Koko alifika mbio, jembe mkononi: "Muamuke! Mazuku! Muamuke!" Akabana pumzi, akashuka, akamvuta mdogo wangu kwa mguu. Midomo ilikuwa ya bluu. Tulimpepea mpaka jua likafika utosini. Hakuamka. Animatere alitapika juu ya soksi zake, akaniachia pakiti nzima ya biskuti. Nilizila zote. Najichukia nikikumbuka utamu wake.

Koko hayupo tena, shamba limeuzwa vipande vipande, bonde limejazwa mawe na nyumba za mabati zimesimama juu yake. Wenye nyumba hizo wananiuliza mazuku ni nini. Yule kijana nilimchukia miaka mingi, kisha nikachoka, maana yeye hakujua kitu. Mdogo wangu, kabla ya kujilaza kule chini bondeni, aliinua uso akanitazama mimi, dada yake, kuniuliza kama ni sawa. Nilimwitikia kwa kichwa.