Mwanamke Aliyeambiwa Siri ya Mume Wangu

Wengi nikiwasimulia hili wanacheka, wanasema wivu ulinitia wazimu. Wivu ninao, sikatai. Lakini niliyoyaona kule Ziwa Basotu niliyaona mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali. Mume wangu, Baba Martha, alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia, na msimu ule alipangiwa shamba la mbali. Aliporudi, nikasikia kwa majirani kwamba huko alikuwa na mwanamke. Nikamuuliza asubuhi, nikamuuliza jioni. Anachukua kofia, anatoka. Jumapili baada ya ibada akasema twende ziwani tukatazame viboko, labda nitapoa. Akaazima mtumbwi, tukavuka hadi kisiwa kidogo kilichojaa ndege.

Ningepoaje? Humo humo majini nikamuuliza tena, ni kweli au si kweli? Akaendelea kupiga kasia. Tulipofika nikanuna, nikabaki kwenye mtumbwi. Akaenda peke yake upande wa pili, waliko viboko.

Niamini, hazikupita dakika kumi nikashindwa, nikamfuata. Nikamkuta ameketi juu ya jiwe na mwanamke, wamenipa mgongo. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiongea, kichwa ameinamisha, na yule mwanamke amemshika mkono. Nilichemka. Nikasema ndiye huyu, kamleta mpaka huku. Nikarudi kuchukua kasia, nikawaendea mbio.

Nilipokaribia ndipo nikaliona gauni. Lilikuwa la kijani, kama nililovaa mimi. Kitambaa cha kichwani, changu. Akageuka kidogo, nikauona uso wangu mwenyewe, ila hauna hasira hata chembe. Kisha akashuka majini polepole, akapita katikati ya viboko, na hakuna aliyeshtuka.

Baba Martha alikuwa anafuta machozi, hakumwona akiondoka. Akanitazama.

"Hilo kasia la nini tena, Mama Martha? Si umesema yameisha?"

"Nimesema saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimekwambia yote, ukanisamehe."

Nilimwomba anirudie maneno yale. Nilimwomba miaka. Alisema mzigo ule alishautua, nisimtwishe tena. Mama mkwe alinipa pole tu, akasema maji yale yana wenyewe. Na mume wangu alitulia, alinipenda, kila mtu ni shahidi. Ila mara moja moja alikuwa akisema, "Siku ile kisiwani ulikuwa mwema sana," nami natamani kumng'ata.

Tumeshamzika. Msibani nilikuwa namkagua kila mwanamke aliyelia, nisijue yule wa shamba la mbali ni yupi.

Nawe uliyeolewa, nisikilize. Nuna utakavyo, lakini mume mwenye neno moyoni usimwache peke yake kando ya maji yale. Yule wa shambani nilishamzoea. Ninayemwonea wivu hadi leo ni yule wa juu ya jiwe, kwa sababu yeye aliambiwa.