Kwenda Pugu Bila Kukanyaga Chini

Nyie wa Kinondoni mlioniuliza kwa nini siku ile nilipita mbele zenu juu ya baiskeli bila kushuka hata kutoa mkono, leo nawajibu. Nilikuwa naamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu iliyohitimu shule ya usiku, kwamba fedha za kujenga njia ya Pugu zitapewa upande ule ambao mtu wake atatoka mlangoni kwake akafika kilele cha mlima juu ya baiskeli, bila mguu kugusa ardhi. Akiwa wa Kinondoni, njia itaanzia Kinondoni. Akiwa wa Temeke, itaanzia Temeke. Mguu ukigusa, fedha inahamia kwa wenzako.

Habari hiyo nilipewa na fundi Maganga, yule Mnyamwezi anayeziba pancha Magomeni. Alikuwa ameinamia mpira wangu, anatafuta tundu kwenye karai la maji.

"Ile njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu umeisikia?"

"Nimesikia baraza limetenga fedha, fundi. Jumbe katangaza."

"Fedha ipo. Lakini inatolewaje, hilo jumbe kakwambia?"

Hakuniambia. Maganga akaniambia, kwa sauti ya chini, na mwisho akanionya nisimtajie mtu wa serikali. Wakijua unajua, alisema, hawatakuhesabu.

Fedha kweli ilikuwapo. Ilitoka kwenye kodi zetu na kwenye vile vibati vya leseni ya baiskeli tunavyovilipia tukinung'unika, na kazi yake ilikuwa kujenga njia nyembamba kando ya barabara ya malori, kisha kupanda kupitia mashamba ya watu mpaka mlimani. Mie niliitaka njia ile kwa ajili ya dada yangu Zuhura. Mnamfahamu, mjane, huenda Pugu kwa miguu kununua machungwa akayaleta mjini na kapu kichwani. Lori likipiga honi, wanawake wote hujitupa mtaroni na mizigo yao. Safari moja alijitupa akateguka mkono, na machungwa yake yakasagwa hata barabara nzima ikanuka sharubati mpaka Ilala. Tuliicheka ile sharubati. Lakini mkono haukupona upesi, na dada akasema akianguka tena biashara basi, na watoto wake wanakula kwa machungwa yale yale.

Alfajiri, Kinondoni. Dada alikuwa ametangulia jana yake kwenda kulala kwa mwenyeji wake huko mlimani. Mie nilipandia baiskeli juu ya baraza ya nyumba, ili hata kuanza nisiguse chini, na mke wangu Mwanaidi akaishika kwa nyuma kama anashika mbuzi wa kuchinjwa. Aliuliza swali moja tu.

"Na ukibanwa na haja?"

Nikamwambia mambo ya umma hayaulizwi hivyo. Akanisukuma.

Magomeni nilimkuta fundi Maganga amefungua kazi mapema. Aliponiona napita wima, macho mbele, akasimama akapiga saluti, kisha akafunika uso kwa kitambaa na mabega yakawa yanamtikisika. Nikajua analia kwa fahari. Nami machozi yalinilengalenga.

Buguruni, penye reli. Hapo mlango ulikuwa umefungwa, treni ya bara inapita. Treni ile ilikuwa ndefu, nadhani kichwa kilishafika Morogoro na mkia bado unafungwa stesheni. Watu wa Magomeni na watu wa Temeke, wote wanaotaka kuingia barabara ya Pugu, walisimama kungoja. Mie kusimama siwezi. Nikawa namzunguka mama mmoja muuza vitumbua, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Mara ya kwanza alicheka. Nilipoendelea akaanza kuvifunika vitumbua vyake kwa ungo.

"We kaka, unanunua au unaniwangia?"

"Nanunua, mama. Nirushie."

"Nikurushie? Vitumbua vyangu mawe?"

Akavifunga kwenye jani la mgomba, mjukuu wake akakimbia nami sambamba mpaka nikavipokea, na senti zake nikamdondoshea mkononi. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimezunguka hata kizunguzungu kimenizoea.

Kuanzia hapo barabara ilikuwa ya malori. La kwanza liliponipita, vumbi lake lilinifanya mzee wa mvi kabla ya kupata mjukuu. Mtaroni niliona kata ya kichwani ya mwanamke, ile ya kitambaa, imeachwa. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Ukonga, jua limeshapanda. Nyuma yangu nikasikia kengele. Alikuwa Salehe wa Temeke, yule ambaye baba yake ni Mwarabu mwenye duka la mchele na mafuta ya taa. Uso wake mwekundu, kanzu ameikunja kiunoni, na miguu ameinyanyua kwa tahadhari kila anapopita kwenye shimo. Nikafahamu mara moja. Nani alimpa habari? Kusema kweli ni mie, kahawani, kwa kujitapa. Siri ya fundi nilikaa nayo muda wa finjani mbili.

"Salehe, mdogo wangu, umechoka. Shuka upumzike."

"Shuka wewe, mkubwa ni wewe."

"Hiyo baiskeli inalia kama mlango wa stoo."

"Yako inalia njaa. Itie mafuta, nitakukopesha dukani."

"Mafuta yenu yana maji."

"Ndiyo maana yanawafaa watu wa Kinondoni, mnaoga nayo."

Tukaenda hivyo, bega kwa bega, tukitukanana kwa upendo mpaka pumzi ikatuishia.

Pugu, mlimani. Wako watakaowaambia Pugu ni vilima tu. Watu hao hawajaupanda wakiwa juu ya baiskeli. Mlima ule siku ile ulikuwa unakua kadiri ninavyopanda, na mawingu yalikuwa yananigusa masikio. Kijia chenyewe ni cha udongo mwekundu, kina mizizi, kinapita katikati ya michungwa na mihogo mpaka kwenye kiwanja cha nyumba ya makuti. Palikuwa pa Bi Kibibi, mwenye shamba, mama wa makamo makubwa, anayeheshimiwa mlima mzima. Ndiye mwenyeji wa dada Zuhura.

Walikuwa wamekaa watu kiwanjani. Bi Kibibi juu ya kibao, dada yangu kando yake anachambua machungwa, na mbele yao karani wa baraza la mji, kijana mwenye suruali ya kaki na fungu la vigingi vya kupimia. Kigingi kimoja kilishapigwa mbele ya mlango.

Sasa nyie mnajua kwetu pwani. Huwezi kumpita mzee ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaishika kwa mkono, unainama kidogo, ndipo unatoa shikamoo yako. Mtoto wa Kizaramo anajifunza hilo kabla ya kujua kupanda. Na mie kushuka siwezi, nina njia ya dada yangu miguuni. Nikafanya kama nilivyofanya Buguruni. Nikaanza kuzunguka kiwanja.

"Shikamoo Bi Mkubwa," nikasema nikipita mbele yake.

Hakuitika. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikarudi.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Huyu ananisalimu," Bi Kibibi akamwuliza dada Zuhura, "au anakimbiza kuku wangu?"

Dada aliinua uso, akanitambua. Sijapata kumwona mtu akitamani ardhi ipasuke kama vile. Kabla hajasema kitu Salehe naye akaingia kwa kishindo, akapiga kengele, akasema, "Shikamoo bibi, samahani bibi," akapita baina ya kibao na jiko na kupotea kwenye mihogo kuelekea kileleni. Kuku wakatawanyika mpaka juu ya makuti.

Bi Kibibi akasimama. Akakishika kile kigingi, akakitikisa.

"Karani, umesema njia hii italeta watu wa mjini waje watembee mlimani. Ndio hawa? Mmoja ananizunguka kama jini, mwingine ananipita kama mwizi. Miti yangu nilikuwa tayari kuikata kwa ajili ya watu. Hawa si watu. Ng'oa vitu vyako."

"Bi Mkubwa, tafadhali," karani akasema. "Usipokubali wewe, na wenye mashamba ya chini hawatakubali."

"Basi wasikubali."

Dada Zuhura alisimama katika njia yangu, ule mkono wake ulioteguka ameushika kwa mwingine.

"Shuka."

"Siwezi, dada."

"Huwezi nini? Umegandishwa?"

"Nitakueleza baadaye. Ni kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ndiyo unanifukuzia mwenyeji? Mie hii njia nimeiombea dua kila nikilala. Bi Kibibi nimembembeleza tangu jana mpaka midomo imekauka. Shuka."

Nilikizunguka kiwanja mara nyingine moja, na ilikuwa ndefu kuliko barabara yote kutoka Kinondoni. Kilele nakiona, kiko pale pale juu ya miembe. Salehe yumo njiani. Nikishuka, nilijua, njia imekwenda Temeke. Nisiposhuka, Bi Kibibi anang'oa kigingi, na dada hana njia ya Kinondoni wala ya Temeke, ana mtaro tu.

Nikashuka. Miguu ilikuwa imesahau kazi yake, nikapiga magoti bila kukusudia, na ikawa vizuri hivyo.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekosa. Naomba radhi mimi na yule aliyepita."

Akakiachia kigingi.

"Marahaba," akasema. "Kumbe una miguu."

Huko juu tukasikia kishindo, kisha ukelele. Baadaye Salehe akaja anachechemea, baiskeli anaikokota, majani ya muhogo kichwani kama bwana harusi. Mzizi ulimtupa kabla ya kilele. Akaegemeza baiskeli, akainama mpaka chini, akasalimu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Tulitazamana. Kinondoni imeshindwa, Temeke imeshindwa. Tuliionea huruma serikali na fedha zake zisizo na pa kwenda.

Bi Kibibi alikaa tena kwenye kibao. Akamwambia karani, "Njia ipite. Lakini hapa mbele ya mlango wangu, kutoka mchungwa huu mpaka ule, kila mwenye baiskeli ashuke aende kwa miguu. Akitaka kunisalimu anisalimu, asipotaka basi, lakini ashuke. Likubaliwe hilo, nami nakubali, na hao wa chini nitasema nao mwenyewe."

Karani akasema limekubaliwa. Akachukua nyundo akakikaza kigingi, na dada yangu akaketi chini ghafla, akacheka peke yake, akafuta macho kwa pembe ya khanga.

Adhuhuri tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi. Salehe, mtoto wa duka la mchele na mafuta, alikula hata Bi Kibibi akamwuliza kama Temeke kuna njaa. Kisha tukapanda kileleni kwa miguu, taratibu, kwa kijia cha kivuli ambacho ndege wake hawajasikia honi. Juu kule niliona mji wote, niliona Kigamboni ng'ambo ya maji, niliona Unguja, na Salehe akaapa anamwona baba yake anapima mafuta pungufu. Upepo ulikuwa mtamu. Nikawaza wanangu na wa dada siku moja waje hapa kucheza, ndipo nikakumbuka kwamba nimeipoteza njia, na utamu ukapungua.

Alasiri tulirudi. Dada nilimpakia kwenye keria, kapu lake likapanda kwa Salehe, na karani akafuatana nasi na baiskeli yake ya baraza. Dada aliimba njia nzima. Mie na Salehe tulikuwa tunashusha pumzi kwa zamu.

Buguruni, penye reli, ndipo tulipokuwa tunaachana. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Karani akashuka.

"Ndugu zangu, nyie mna nini? Leo nimepata shamba gumu kuliko yote, mnakaa kama mmefungiwa duka."

Sikuweza kujizuia tena. Nikamwambia yote, ya kilele, ya mguu, ya fedha kuhama. Nikasema hayo niliyoyafanya kiwanjani sikuyafanya kwa ufedhuli.

Akanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo nitamshukuru daima.

"Nani kakwambia?"

"Fundi Maganga wa Magomeni."

"Mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi, wa Tabora."

"Na wewe?"

"Mzaramo wa Kinondoni."

"Mtani wako huyo," akasema karani. "Na umemwamini."

Salehe akanigeukia. "Mie si mtani wake, wala wako. Mie umenidanganya kwa nini?" Dada Zuhura alikuwa amekaa juu ya kapu lake, anacheka hata machungwa yanatikisika.

Karani akapanda baiskeli yake, mguu mmoja bado chini.

"Fedha ilishatolewa kabla hamjatoka majumbani kwenu," akasema. "Ni kodi yenu, hakuna anayeishindania. Kilichokuwa kimebaki ni wenye mashamba kukubali, na leo Bi Kibibi amekubali, wengine watamfuata. Na njia haianzii Kinondoni wala Temeke. Inaanzia hapa Buguruni, mnapokutana nyote."