Mguu wa Tano wa Meza ya Samaki

Seremala huyu watu walimbandika jina la Pilipili, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa mtu wa kufoka. Akikuta meza inayoyumba hotelini, anaipindua aone ni nani aliyeipigilia misumari. Chai ya watu ikimwagika, potelea mbali.

Mama yake alipopooza miguu, akawa hataki kula, hataki kusemeshwa, kazi yake kuangalia ukuta. Pilipili akamnunulia tangi la samaki, na meza ya kuliweka akaiunda mwenyewe. Fremu ya juu aliikalisha juu ya vichwa vya miguu, maana maji ni mzigo, na skrubu peke yake haziaminiki. Mbele akaongeza mguu wa tano, katikati kabisa, ubao usije ukapinda. Alijisifu wiki nzima.

Sasa siku hiyo anarudi kutoka karakana, anakuta mguu wa tano umekatwa! Umekatwa ovyo, kama umetafunwa na panya. Ubao wa juu umeanza kubonyea, kona ya kioo inavuja, na mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, magoti yamo chini ya tangi.

Damu ilimchemka. Akamvuta mama nyuma, akamgeukia dada yake, anayeshinda na mama mchana.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Una wazimu? Maji yote haya yangemwangukia mama! Mimi naumiza kichwa kwa hesabu, wewe unakuja kukata tu! Tena kwa msumeno butu!"

"Usinifokee, kaka. Muulize mama."

"Mimi ndiye niliyemtuma," mama akasema, na kwa sauti ile ungejua pilipili ilichumwa shamba gani. "Mguu wako ulikuwa unanizuia. Kiti kinagota, samaki nawaona kama wako ng'ambo ya barabara. Nikikwambia, unasema, 'Mama, hii ni hesabu.' Umepima kioo, umepima maji, umepima mpaka sakafu. Mimi ulinipima lini?"

Hasira haikumwisha Pilipili, ilikosa tu pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Akahamishia samaki kwenye beseni, akachota maji ndoo kwa ndoo huku akisonya na kujitukana. Mjinga mkubwa! Kutwa kucheka meza za wenzake!

"Unamsonya nani?" mama akauliza.

"Najisonya mwenyewe."

"Sonya, lakini samaki wangu usiwaangushe."

Meza mpya ingekuwa na makabati mawili ya kubeba uzito, moja kila upande, na boriti nene juu yake, katikati pabaki wazi. Upana wa pale katikati ndio hakuujua. Akatoa futi mfukoni, akapiga magoti mbele ya kiti, uso bado umekunjamana.

"Haya, mama. Sogeza magoti nipime."

"Pima na pua," mama akasema. "Nataka ifike kwenye kioo."