Vidole Vilivyoikataa Mashine ya Ariwara

Mashine yangu ya zamani iliuawa na virusi. Kila aliyeingia kwenye chumba changu cha mbele, hapa Ngezi mjini Bunia, kuchapishiwa ombi la kazi au programu ya harusi, alileta flash, na kila flash ilikuja na ugonjwa wake. Mafaili yalianza kukataa kufunguka, moja baada ya jingine. Kisha kioo kikawa cheusi, basi.

Shemeji yangu, anayefanya biashara kati ya Ariwara, kule mpakani, na Bunia, ndiye aliyeniletea nyingine. Ilikuwa laptop ya mtumba iliyovuka mpaka kutoka Uganda, nzito, na duara la kikombe cha chai limekaukia juu ya kifuniko. Ndani haikuwa na Windows niliyoizoea. Ilikuwa na Linux, mfumo mwingine kabisa.

"Shemeki, hii haishikake virusi," aliniambia. "Mwenye kuuzisha aliapa."

"Na inasema luga gani?"

"Kingereza. Si weye ulisoma?"

Nilisoma kwa Kifaransa, na alijua. Alicheka, akanywa maji, akaondoka kabla sijaiwasha.

Kama na wewe uko mbele ya mashine mpya leo, usijidharau. Kubadilisha mfumo ni kama kupika katika jiko la mtu mwingine: chumvi ipo, lakini mkono wako unaenda mahali ambapo haipo. Nilitafuta kitufe cha kuanzia kule chini kushoto, kikawa juu. Nilitafuta programu ya kuandikia, nikaikuta ina jina jingine, lakini kazi yake ni ileile. Hayo utayazoea usipokuwa na haraka. Kilichonishinda mimi ni klavie, yaani kibodi.

Ngoja nieleze taratibu. Huku kwetu Kongo, mashine huja na klavie ya Kifaransa: ukisoma herufi za mstari wa juu kutoka kushoto unapata A, Z, E, R, T, Y. Za Uganda ni za Kiingereza, zinaanza na Q, W, E. Herufi nyingi ziko palepale, lakini A na Q zimebadilishana viti, Z na W vilevile, na M imehamia mstari wa chini. Kwa mtu anayetafuta herufi kwa macho, hilo si tatizo. Mimi nilifundishwa dactylo, yaani kupiga taipu, na sista aliyetufunika mikono kwa kitambaa ili tusiangalie tunachopiga. Tangu hapo siangalii. Vidole vinakwenda vyenyewe, na kwenye mashine ile viliandika upuuzi mtupu.

Basi nikaingia katika mipangilio, nikaiambia mashine ijifanye ya Kifaransa. Ilikubali. Sasa herufi zilizochapwa juu ya vitufe zilisema uongo, lakini vidole vyangu vilisema kweli, na mimi nilikuwa upande wa vidole.

Wakati huo nilikuwa nikimwandikia TFC, ile kazi ya mwisho wa masomo, msichana mmoja aliyekuwa akimalizia uuguzi. Familia yake ilikimbia Djugu, ikakaa kwenye mahema ya wakimbizi pembeni ya mji. Yeye alikuja kwangu karibu kila siku na karatasi zake za mkono, akaketi kando yangu na kunisomea pale mwandiko ulipofifia kwa mvua. Flash yake ilikufa pamoja na mashine ya zamani. Tulianza upya, na kazi yote ilikuwa ndani ya mashine mpya tu. Asipoiweka shuleni kwa wakati, mwaka unapotea, na baba yake alishamwambia kwamba hakutakuwa na mwaka mwingine.

Wiki ile mji haukutulia. Watu waliokimbia vita walikuwa wakiingia kwa barabara ya kaskazini na magodoro kichwani. Pikipiki zilipita kwa kasi, zote upande mmoja. Jirani zangu walifunga mizigo, wakaifungua, wakaifunga tena. Mimi pia nilikuwa nikisimama na kuketi bila kujua nimesimama kwa nini. Alasiri moja nikawaza: wenye bunduki wakivunja nyumba, wakichukua laptop, watafungua kazi za watu. Nikaiwekea neno la siri. Niliandika mahagi, mahali nilipozaliwa, nikalirudia kama mashine ilivyotaka, bila kuangalia mikono.

Asubuhi yake, siku ya mwisho ya kuweka kazi shuleni, yule msichana alifika akihema.

"Mama, shule imepiga simu. Banasema wanafunga saa sita, haina tena mangaribi. Secrétaire ya shule anataka kutorosha batoto yake."

"Keti. Kazi imeisha, tunaitia tu kwenye flash."

Niliwasha mashine, nikapiga mahagi. Ikakataa. Nikapiga polepole. Ikakataa. Kioo kilionyesha vidoti tu, hakuna herufi, kwa hiyo sikuweza kuona nilichokosea. Kwa mbali, upande wa mlima, ulisikika mlio wa bunduki, kisha mingine.

"Mama, inakatala?"

"Imesahau tu. Itakumbuka."

"Mashine inasahau?"

Nilimpigia shemeji yangu, nikamweleza.

"Shemeki," alisema, "nilikuambia haishikake virusi. Sikusema haitamushika mwenye mashine."

"Acha mchezo. Kuna mutoto wa watu hapa."

Akampigia aliyemuuzia kwa simu yake nyingine. Akasema yule muuzaji hashiki simu, lakini angeendelea kumtafuta. Nikakata.

Msichana alikuwa ameshika karatasi zake kifuani. "Tuandike upya?"

"Hatuwezi, mwanangu. Si mbele ya saa sita."

Nje watu wakaanza kukimbia. Niliinuka kwenda mlangoni, kwa kuwa miguu yangu haikukubali tena kukaa, nikamwambia, "Jaribu weye. Andika mahagi, yote herufi ndogo."

"Sasa nitajua siri yenu."

"Mji wa kwetu si siri. Andika."

Njiani palikuwa na mwanamke akimkimbiza mbuzi wake, na nyuma yake vijana waliodhani anakimbia kitu kingine. Waliponiona nimesimama tu mlangoni, nao wakasimama, wakaanza kuchekana. Nilipogeuka, msichana alikuwa ameinamia klavie, anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama anayetoa mawe katika mchele. M. Akatafuta. A. Akatafuta.

Mashine ikafunguka.

"Umefanya nini?"

"Niliandika tu, Mama. Kama mulisema."

Nikatazama vitufe, na hapo nikaelewa. Mlango wa mashine, pale inapouliza neno la siri, ulikuwa bado wa Kiingereza. Mimi niliibadilisha lugha ya vyumba vya ndani, si ya mlango. Ndani vidole vyangu viliandika mahagi. Mlangoni, vidole vilevile, vikipita palepale, viliandika kitu kingine kabisa. Yeye alifuata herufi zilizochapwa, na mlangoni hizo zilikuwa za kweli. Ukiona neno lako la siri linakataliwa na una hakika nalo, usijitukane. Angalia kwanza mashine inadhani ina klavie gani.

Hatukuwa na muda wa kufurahi. Kurasa zilikuwa zimesogea kidogo, jedwali moja limevuka ukurasa. Nililirudisha, nikaigeuza kazi yote kuwa PDF ili isisogee tena popote, nikaiweka kwenye flash yangu. Alitoka mbio bila kuaga. Nilimwona akibishana na mwendesha pikipiki ambaye hakutaka kwenda upande huo, kisha akapanda.

Saa sita ikapita. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Nilifagia mahali palipokuwa safi. Nilifungua mashine, nikaifunga. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilinitoa nje.

Alirudi kwa miguu, mchana ukielekea jioni, vumbi hadi magotini. Akaketi kwenye kiti chake cha kila siku.

"Wamepokea," alisema. "Secrétaire alikuwa anafunga mlango. Aliweka sahihi kwenye karatasi ya kupokea, juu ya boneti ya gari, batoto yake ndani wanalia."

"Na soutenance? Utaitetea kazi lini?"

"Hawajui. Wanangoja kuona kama watu watabaki."

Nilimpa maji. Akayanywa akiangalia laptop, akauliza kama angeweza kuandika kidogo, ajizoeze, kwa kuwa hospitalini siku hizi wanaandika kwa mashine. Nikaingia katika mipangilio, nikairudisha klavie kwenye Kiingereza, ndani kama mlangoni, ili herufi zisimdanganye. Vidole vyangu vilikuwa na muda wa kujifunza. Nikasogeza kiti changu, naye akaanza kutafuta herufi ya kwanza ya jina lake.