Jemima na Njia Mbili za Chuoni

Jemima Kavumbi alikuwa akifundisha somo la dini katika shule moja ya sekondari Ukunda, na Jumapili akihubiri kanisani kwa Mchungaji Jefwa. Kanisa lilipokubali kumpeleka chuoni akasomee uzamili, mchungaji alimweleza njia mbili. Uzamili wa uchungaji ni miaka mitatu, na sehemu kubwa ni kukaa na wagonjwa, wafungwa na waliofiwa. Uzamili wa teolojia ni miaka miwili ya Kigiriki, Kiebrania na utafiti.

"Teolojia," Jemima alijibu upesi.

"Mbona hata hukufikiri?"

"Ninapenda vitabu, Mchungaji."

Kweli alivipenda. Lakini kilichomsukuma kilikuwa woga. Mamake alikata roho hospitalini akiwa amemshika mkono, na tangu hapo alizikwepa wodi.

Wiki hiyohiyo, mchungaji akiwa mazishini Lunga Lunga, simu ilikuja kutoka hospitali moja upande wa Msambweni. Ngala, mtunza bustani wa hoteli huko Diani na muumini wao, angekatwa mguu mchana ule kwa kidonda cha sukari. Alitaka kuombewa. Jemima alitafuta wa kumtuma, hakumpata, akaenda mwenyewe.

Mlangoni mwa wodi ya wanaume alisimama, asiingie. Hafsa, muuguzi wa zamu, alimwona.

"Karibu, dada. Anamngoja mchungaji."

"Mimi si mchungaji."

"Ingia hivyo hivyo. Wanakuja kumchukua sasa hivi."

Ngala alimkazia macho. "Mwalimu, nitaamka?"

Zaburi aliyoihifadhi tangu utotoni ilimpotea. Alitaka kusema ndiyo, akashindwa kumdanganya.

"Sijui, kaka Ngala. Hata mimi ninaogopa."

Ngala akaangua kilio. Jemima alidhani amemmaliza, akageuka atoke, lakini mkono wa Ngala ulimdaka.

"Usiniache."

Akatembea kando ya kitanda hadi chumba cha upasuaji, wakisali Baba Yetu, wakikosea, wakirudia.

Ngala aliamka. Jemima alipokwenda kumjulia hali, Ngala alimgeuzia mgongo. "Mungu wako anautaka mguu wangu wa nini?"

Jemima alivuta kiti. Alikaa hadi muda wa wageni ulipoisha, kisha akaenda zake. Kesho yake alirudi, Ngala bado kanuna. Aliporudi tena, Ngala alimwomba amsogezee maji.

"Nitasoma uchungaji," alimwambia Mchungaji Jefwa.

"Huogopi tena?"

"Ninaogopa zaidi. Lakini nikienda kwenye vitabu sasa, nitakuwa ninajificha."

Muhula wa kwanza chuoni, yeye na wanafunzi wenzake walipelekwa gereza la wanawake. Lango lilipofungwa nyuma yao kwa kishindo, Jemima alitapika kando ya ukuta. Askari akamuuliza kama afunguliwe atoke. Alifuta mdomo kwa leso, akauliza wafungwa wako upande gani.