Ukuta wa Miba Sebuleni

Siku ya kwanza kuingia nyumba ya wakwe zangu, Kilindoni, niliegemea ukuta wa sebule nikachubuka bega. Marehemu baba mkwe alikuwa ameona nyumba mahali fulani Dar es Salaam, imerushiwa lipu ya manundu, akaipenda, akarudi nayo kichwani. Wenzake lipu ile huiweka nje, ikapigwa na jua na mvua. Yeye aliirusha ndani, kuta zote za sebule, kutoka sakafuni hadi darini, kisha akaipaka rangi ya mafuta ya kijani. Ncha zake zilikuwa kali kama matumbawe.

Alipofariki, mume wangu hakutaka mama yake aishi peke yake, tukatoka Chole na watoto tukahamia kwake. Hapo ndipo nilipouona ukuta ule vizuri. Kila nundu lilikuwa limeshika kitu: vumbi lililogandana na moshi wa ubani, utando wa buibui, damu kavu ya mbu na bawa lake bado limenasa, mavi ya mijusi. Karibu na mlango, usawa wa mkono wa mtoto, kulikuwa na ukoko mweusi wa vidole vilivyotoka kula. Na juu ya kochi palikuwa na doa kubwa linalong'aa, mafuta ya nazi ya vichwa vilivyowahi kuegemea pale, limekusanya vinywele vifupi vifupi. Vya nani, Mungu ndiye ajuaye. Nikinywa chai nililigeuzia mgongo doa lile, na hata hivyo kitumbua hakikushuka.

Nilisugua kwa brashi na sabuni ya unga. Maji yaliyotiririka yalikuwa na rangi ya mchuzi wa pweza uliolala. Brashi ilinyofoka, nyuzi zake zikabaki zimenasa kwenye miba, ukuta ukaota ndevu. Nikaiacha kazi hiyo.

Basi nikaagiza karatasi za plastiki za kubandika, zile zenye picha ya matofali meupe.

"Zitashika kwenye miba hii?" mume wangu aliuliza.

"Kwa gundi ya kutosha zitashika."

Zilishika kwenye ncha tu. Nyuma pakabaki uwazi, lakini nani anaangalia nyuma? Sebule ilikuwa nyeupe, nami nilikula nimeutazama ukuta. Mama mkwe aliziangalia zile karatasi, akasema "Hewala," akaenda zake jikoni.

Kisha masika yakaingia. Kwanza ilikuja harufu, nikadhani panya amefia darini. Halafu karatasi zikaanza kuvimba kama matumbo. Nikizigusa kwa kidole, kitu kilikimbia ndani kwa sauti ya mchele unaomwagwa. Nikaongeza gundi pembeni nikanyamaza, maana hitma ya marehemu ilikuwa imekaribia na wageni walikwisha alikwa.

Siku ya hitma wanaume walikaa nje, wanawake sebuleni, kwenye mikeka. Kisomo kikaisha salama, masinia ya pilau yakaletwa. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mnene mwenye heshima zake aliyetoka Baleni, akajisogeza nyuma ili akae vizuri. Mgongo wake ulipougusa ukuta, nikasikia gundi ikiachia. Karatasi nzima ikabanduka kutoka juu, ikamfunika yeye, jirani yake na sinia lao.

Upande wa ndani ulikuwa mweusi, umelowa, una ukungu wenye manyoya. Na mende. Wakubwa, wadogo, na wale weupe waliojivua ngozi muda huohuo, laini kama minyoo. Walitawanyika juu ya pilau, mikekani, kwenye mitandio. Mmoja aliingia ndani ya mkono wa baibui la shangazi.

"Kimeniingia! Kimeniingia!" alipiga kelele, akiruka kama msichana.

Nilimsaidia kulivua, nikamkamata yule mende kwa vidole vyangu, nikahisi miguu yake. Nilimtupa, nikatoka mbio nyuma ya jiko, nikatapika.

Wageni walipoondoka, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, ufagio mkononi.

"Mwanangu, hiki kitu kiondoke."

"Nimeshazibandua zote, Mama."

"Sisemi karatasi. Nasema ukuta."

"Lakini si kazi ya marehemu baba?"

"Mungu amrehemu, alikuwa na mazuri mengi. Huu haumo. Mchanga wenyewe aliuchota pwani, mbichi, na chumvi yake. Kila mvua unatoka jasho. Yeye niliogopa kumuudhi, kisha nikaogopa kukuudhi wewe na makaratasi yako."

Fundi alipokuja, alishauri tusihangaike kuchonga. Angepiga mbao, aweke bodi za jipsamu juu yake, tuusahau.

"Na mende wapate chumba chao?" mama mkwe alimkata. "Chonga."

Akachonga kwa nyundo na patasi. Vumbi liliingia puani, kitandani, kwenye mtungi wa maji. Mate yetu yalikuwa ya kijivu. Manundu yalianguka na nyama zake zote: mayai ya mijusi, mabawa, nywele. Mimi na mama mkwe tulizoa kwa makarai, tumejifunga kanga puani, tukamwaga nyuma ya nyumba. Ukuta ukapigwa lipu mpya ya mchanga uliooshwa, laini, ukapakwa rangi nyeupe. Hata sasa nikiupitishia kiganja, vidole hutangulia kusita.

Siku fundi alipomaliza, mama mkwe alichinja jogoo, akampika kwa nazi. Tukaketi. Nilimega wali, nikauacha mchuzi.

"Kula kuku, mwanangu."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini, na tangu asubuhi hujatia kitu kinywani?"

Nikatazama nje. Dirisha lilikuwa wazi, na kule nyuma kuku waliobaki walikuwa wanapekua lile fusi la ukuta kwa bidii, wanadonoa, wanameza, wanapekua tena. Mama mkwe akafuata macho yangu. Akatazama kwa muda, kisha akalirudisha paja sahanini, polepole, akanawa mkono.

Mume wangu alikula kuku mzima, akasifu upishi.